Kwenda Bahla na Mama Zangu Wawili

Baba yangu alikuwa na wake wawili, na sikumbuki siku hata moja aliyoingia nyumbani na kitu kimoja. Akinunua sahani, zilikuwa seti mbili. Akinunua friji, gari lilishusha mafriji mawili, rangi moja, kimo kimoja, na sisi watoto tulisimama uani tukitazama moja likipelekwa kushoto na jengine kulia. Nyumba zenyewe alizijenga ubavu kwa ubavu hapa Ibra, na ukuta wa katikati akautoboa mlango, ili asije mtu akasema kuwa mke fulani yuko karibu naye zaidi.

Mke wa kwanza ni mama yangu mzazi. Alizaliwa Unguja mjini, akaolewa huko, akaja Oman na Baba wangali vijana, wakati jamaa zetu wengi walipokuwa wakirudi. Mke wa pili ni binti ami yake Baba, mtu wa Ibra hapa hapa, aliyeozwa baada ya miaka michache kwa sababu wazee wa ukoo walitaka iwe hivyo. Huyo mimi namwita Mama Mdogo. Kuhusu siku za harusi ile Mama aliwahi kunieleza mara moja tu. Alisema alilia mpaka akachoka, kisha akaosha uso akaingia jikoni, maana wageni walikuwa wamekaa wanangoja kula.

Hawakuwa maadui, na marafiki pia hawakuwa. Walikuwa watu wa adabu. Ule mlango wa ukutani ulikuwa wazi mchana kutwa, lakini kila mmoja alibisha hodi kabla ya kuupita. Mama alizungumza Kiswahili na Mama Mdogo alijibu kwa Kiarabu, na kwa miaka yote hiyo walielewana hivyo bila hata mmoja kuiacha lugha yake. Watoto wengine wote ni wanaume, wa upande huu na wa upande ule, na binti ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nilisukwa nywele nyumba zote mbili, na nikikosa kule nilikanywa huku.

Baba alipofariki, sisi watoto tuliendelea na mtindo wake bila kukaa kikao. Kaka yangu akileta samaki kutoka Sur, aliwagawa sawa kwa sawa mbele ya milango. Mimi nikinunua vitambaa vya Idi, nilikata pande mbili za kitambaa kimoja. Hatukujua njia nyengine.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, jahla ya Mama Mdogo ilipasuka. Jahla ni mtungi wa udongo unaotundikwa kwa kamba barazani ili upepo uyapoze maji yaliyomo. Siku hizi kila nyumba ina friji, lakini Mama Mdogo anasema maji ya friji yanamuumiza koo, na asubuhi hatii kitu kinywani kabla ya kunywa maji ya jahla. Alisema atatafuta nyengine sokoni Jumatano, siku ya soko la wanawake. Mimi nasomesha skuli ya wasichana, wiki nzima nimesimama mbele ya ubao, na nilikuwa natamani kusafiri. Nikamwambia Jumamosi nitampeleka Bahla kwenyewe, zinakofinyangwa. Alifurahi, kisha papo hapo akaniuliza, na mama yako je?

Nikapita mlango wa ukutani, nikamuamkia Mama, shikamoo, marahaba, nikamweleza safari. Alifikiri kidogo. Akasema kama Mama Mdogo anapata jahla mpya basi na yeye itabidi apate, si vizuri moja ikawa mpya na moja kuukuu. Hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikatoka safari na mama zangu wawili bila ya mwanamme yeyote.

Matatizo yalianza hata gari halijawashwa. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja. Mama akasema akae Mama Mdogo, ana maumivu ya goti na mbele kuna nafasi ya kunyoosha mguu. Mama Mdogo akasema haiwezekani, mkubwa ni mkubwa, yeye hakai mbele na Mama yuko nyuma. Walisimama juani, kila mmoja ameshika mlango akimfungulia mwenzake, na jirani aliyekuwa akimwagilia miti yake alituangalia mpaka ndoo ikafurika. Mwisho wote wawili waliingia nyuma. Kiti cha mbele nikakiwekea kikapu cha vitumbua na chupa ya chai, nikaondoka kama dereva wa kukodi.

Tulipita Samad tukashika njia ya Izki. Nyuma walizungumza mambo ya watu wengine: nani kajenga, nani kaoza, tende za mwaka huu zitakuwaje. Milima ilikuwa bado na ubaridi wa asubuhi. Tulisimama chini ya mkunazi kando ya njia tukanywa chai, na Mama Mdogo alikula vitumbua vya Mama na kuvisifu kwa maneno yale yale anayovisifia kila Ramadhani. Nilijisemea moyoni kuwa itakuwa siku nzuri, ya adabu, na jioni tutarudi na mitungi miwili pacha.

Bahla unaiona ngome kabla ya mji. Imekaa juu ya kilima chake, rangi ya udongo ule ule unaoukanyaga, na ukuta wa mji unazunguka mashamba ya mitende mpaka unapotea kwa mbali. Tuliuliza njia ya kwa wafinyanzi tukaelekezwa kwenye vichochoro vya nyuma ya soko. Kiwanda tulichokiingia kilikuwa ni ua mkubwa ulioezekwa makuti nusu. Upande mmoja kulikuwa na tanuri lililoingia moshi miaka mingi, upande wa pili vyombo vimepangwa chini na juu ya mbao: vyungu, bakuli, vyetezo vya kufukizia ubani, mitungi ya tende mikubwa hata mtoto anaweza kujificha ndani, na jahla zimening'inizwa kwenye boriti kama mabuyu. Mwenyewe alikuwa mzee wa makamo ya Mama Mdogo, mikono yake imejaa udongo mpaka viwikoni. Alituamkia, akatutaka radhi kwa kutupokea na udongo ule, akaturuhusu tuzunguke tutakavyo.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye shughuli. Nikamwambia nataka jahla mbili za namna moja, zisipishane kitu.

Mfinyanzi akacheka kidogo. Alisema anatengeneza kwa mkono, na mkono hausemi kitu kimoja mara mbili, lakini atajaribu kunitafutia. Akazishusha jahla moja baada ya moja akazipanga chini. Hii na hii zilifanana tumbo, lakini moja ilikuwa na shingo ndefu. Hii na ile zilikuwa sawa kwa shingo, lakini moja ilipata doa jeusi la moshi tanurini. Nilichuchumaa nikazigeuza, nikazirudisha, nikamwomba azidi kuangalia kule nyuma. Mama zangu walikuwa wamekaa kwenye benchi, wametulia, wanangoja. Kila nilipowaonyesha jozi, Mama alisema yeye sawa, alimradi Mama Mdogo ameridhika, na Mama Mdogo alisema yeye sawa, alimradi Mama ameridhika.

Ilipofika jozi ya sijui ya ngapi, Mama akavuta pumzi.

"Mwanangu, usimsumbue mtu wa watu," alisema. "Mimi sitaki jahla."

Nikamuuliza hataki vipi, na ndiyo tuliyoijia.

"Sijapata kuitaka. Maji yake yananuka udongo. Hii iliyopo kwangu naijaza kila siku alasiri na asubuhi namwagia mlimau."

Nilibaki nimeikumbatia jahla nisijue pa kuiweka. Mlimau wa Mama unajulikana mtaa mzima kwa kuzaa. Nikamtazama Mama Mdogo, maana niliogopa kuwa ameumia. Yeye alikuwa amemgeukia Mama mwili mzima, na akamuuliza kwa Kiarabu kwa nini basi alimwambia Baba anunue jahla.

Mama akasema hakumwambia. Jahla zilikuja tu, mbili, na yeye akajua kuwa Mama Mdogo ndiye aliyeomba, kwa kuwa ni mambo ya watu wa huku, na Baba kwa uadilifu wake akamletea na yeye. Mama Mdogo akasema kweli, jahla aliomba yeye. Kisha akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani: na vikombe vya kahawa vya maua ya buluu?

"Vile uliomba wewe," Mama akasema.

Mama Mdogo alitikisa kichwa. Vikombe vile hakuviomba na hakuvipenda, mdomo wake mnene, kahawa inapoa kabla haijafika ulimini. Siku zote alidhani ni chaguo la Mama, la kizungu kizungu, la watu wa Unguja, na akavumilia.

Hapo ikawa kama mtu amefungua bomba. Mafuta ya uturi yaliyomuumiza Mama kichwa kila Ijumaa: Mama Mdogo naye yalimuumiza kichwa. Zulia jekundu la sebuleni: kila mmoja alilidhania la mwenzake. Nilikuwa nikiwasikiliza, Kiswahili huku, Kiarabu huku, na mwisho wakafika kwenye mapazia. Mapazia yale ya rangi ya kahawa yananing'inia nyumba zote mbili tangu mimi niko skuli, mazito, yanayoifanya sebule iwe magharibi tangu mchana.

"Mapazia ulichagua wewe," Mama alisema. "Hilo usinikatalie."

"Wallahi nilidhani ni wewe," Mama Mdogo akajibu, na safari hii alisema kwa Kiswahili.

Wakatazamana. Kisha Mama akaanza kucheka, kicheko cha chini kwa chini kinachomtikisa mabega, na Mama Mdogo akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake, naye akacheka mpaka benchi likalia. Mimi nilicheka kwa kuwaona wao. Sikupata kuwaona wakicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, isipokuwa mambo ya watoto. Miaka yote ile kila mmoja aliishi ndani ya nyumba aliyodhani imepambwa na mke mwenziwe, akavumilia kwa adabu, kumbe aliyechagua ni Baba peke yake, amesimama dukani Maskati, hajui hata huyu anapenda nini wala yule anapenda nini, na hathubutu kumuuliza mmoja asije mwengine akasikia.

Kicheko kilipopungua Mama Mdogo alijifuta macho. Nilidhani ni machozi ya kucheka, lakini aliendelea kuyafuta.

"Maskini," alisema. "Alikuwa akituogopa."

"Alikuwa akimuogopa Mungu," Mama akasema. Akafikiri. "Na sisi pia alituogopa."

Nilimkumbuka Baba akiingia na mifuko, mmoja kila mkono, na jinsi alivyokuwa akisimama katikati ya ua kabla ya kuamua ageukie wapi kwanza. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapumzika.

Mfinyanzi alikuwa amekwisha kunawa mikono. Alituletea kahawa na tende, akakaa juu ya kigoda mbele yetu bila kuuliza tulichokuwa tukikicheka, ingawa nusu yake alikisikia. Aliuliza tu kama hawa wawili ni ndugu. Mama akafungua mdomo, lakini Mama Mdogo alimtangulia.

"Mwenzangu," akasema, neno hilo moja la Kiswahili, na mfinyanzi akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Mama aliangalia ndani ya kikombe chake cha kahawa. Kisha akamsogezea Mama Mdogo sahani ya tende.

Baada ya hapo ndipo ununuzi ulipoanza. Mama Mdogo alisimama na goti lake bovu, akazipita jahla zote nilizozipanga akaenda kuichukua ile yenye doa la moshi, fupi, tumbo limeegemea upande mmoja kidogo. Nikamwambia ipo iliyonyooka. Akasema hii ndiyo anayoitaka, ina uso. Mama yeye alitaka chungu. Alimweleza mfinyanzi kwa Kiarabu chake cha nyumbani kuwa anataka chungu cha kupikia hasa, si cha kupambia, chenye mdomo mpana na kifuniko kinachobeba makaa, kwa kuwa anataka kuoka mkate wa kumimina. Mfinyanzi alikuwa hajausikia mkate huo. Mama akamweleza: mchele unarowekwa usiku, unasagwa na nazi na hiliki, unatiwa hamira, unaachwa uumuke, kisha unamiminwa ndani ya chungu, moto chini na moto juu. Kwenye oveni, alisema, unaiva lakini haunukii. Mama Mdogo alisikiliza maelezo yote, na alipomaliza akamlalamikia kuwa miaka yote hii anamlisha mkate wa oveni bila kumwambia kuwa kuna ulio bora kuliko huo.

Mfinyanzi alileta vyungu kutoka kule nyuma, vilivyo vizito na visivyong'arishwa. Mama alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole akisikiliza, kama anavyogonga tikiti maji. Alichukua muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikumuona akimtazama mtu mwengine kabla ya kusema anataka kipi.

Walipomaliza wakaniuliza mimi je, nataka nini. Nilizunguka ua mzima. Nilishika bakuli, nikaliacha, nikashika chetezo, nikaona kama nikichukua hiki basi nitafute na cha pili. Mama Mdogo aliniambia nisijihangaishe, kama sikukipenda kitu si lazima. Nikatoka mikono mitupu, na nilikuwa radhi kabisa.

Tulisali Adhuhuri Bahla, tukarudi mpaka Nizwa kula chakula cha mchana. Niliagiza wali na nyama ya mbuzi kwenye sinia moja, tukala katika chumba kidogo cha familia, tumekaa chini juu ya zulia. Nilitaka tupite kununua halwa kisha tuondoke kabla jua halijashuka. Lakini wao walikuwa wameshakubaliana jambo nyuma ya gari. Mama Mdogo alitaka apelekwe duka la mapazia.

Duka lilikuwa barabara kuu, na muuzaji alikuwa kijana wa Kihindi mwenye subira. Mama Mdogo hakuchukua hata muda wa kukaa. Aliona kitambaa cha manjano, manjano ya embe dodo lililoiva, akakishika, akasema hiki. Mama alichelewa. Alifunuliwa kijani, buluu, meupe yenye nakshi, moja la zambarau ambalo mimi nililipenda. Alikunja na kukunjua, akalipeleka kila moja mlangoni kulitazama kwenye mwanga. Mama Mdogo alikaa kwenye kiti akimpa moyo, akimwambia achukue hata la zari akitaka, leo hakuna atakayelazimika kununua la pili.

Mwisho Mama aliyaweka yote juu ya meza.

"Nitabaki na yangu," alisema. "Hayashiki vumbi, na marehemu ndiye aliyeyapachika kwa mkono wake."

Mama Mdogo hakumshawishi tena. Alisema basi atampa pazia la kwake la zamani pia, ili akilifua hili alitundike lile, na Mama akalikubali. Tulitoka dukani na furushi moja la manjano.

Njia ya kurudi, chungu kilikaa nyuma baina yao, kimefungwa ndani ya kanga ya Mama, na jahla niliifunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Kabla ya Izki wote wawili walikuwa wamelala. Mkono wa Mama Mdogo ulikuwa juu ya kifuniko cha chungu, kukizuia kisigonge. Niliendesha taratibu, na magari yalinipita.

Mkate wa kwanza wa kumimina Mama aliuoka wiki iliyofuata, uani, baada ya kukirowesha chungu na kukichemshia maji ya wali ili vitundu vyake vizibe. Uliungua. Juu palikuwa peusi kama sufuria ya harusini, kwa kuwa makaa ya kifuniko aliyaweka Mama Mdogo, na Mama Mdogo hana mkono wa kidogo. Tulikata juu, tukakata chini, tukala katikati palipokuwa laini, pananukia hiliki na moshi. Mama alisema makaa yalizidi. Mama Mdogo alisema kwa Kiarabu kuwa makaa yalikuwa sawa, ni unga uliokuwa mwingi. Waliendelea hivyo wakati wote wa chai, sauti juu, na mimi nilijikatia kipande chengine nikahamia kivulini.